Ukuta Ulioinuliwa Tena Thimlich Ohinga, na Paa la Mama Mjane

SOMO LA JUMA
Kusoma nyumbani: Nehemia 3, 2 Wafalme 12:4-16, Mhubiri 10:18, Yakobo 1:27



Juma hili tunafungua Nehemia sura ya 3. Najua wengi wetu tukifika hapo tunairuka. Ni majina, majina, majina: fulani alijenga hapa, kando yake akajenga fulani, baada yake fulani akatengeneza mpaka mlangoni kwa fulani. Hakuna muujiza, hakuna malaika, hakuna bahari iliyogawanyika. Ni watu na mawe tu. Lakini hiyo ni sura ya mafundi, na ukitaka kuielewa vizuri usianzie Yerusalemu. Anzia kwetu hapa, ng'ambo ya ghuba.

Ukitoka Kisian, ushike gari Kisumu, upite Ahero, Katito na Kendu Bay mpaka Homa Bay, kisha Rodi Kopany, halafu barabara ile ya kwenda Karungu hadi Miranga, ukiingia ndani utafika mahali panaitwa Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori. Jina lenyewe wale wanaosema Dholuo wameshalisikia vizuri: thim ni msitu, lich ni wa kutisha, na ohinga ni boma la mawe. Pale kuna maboma makubwa manne: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Kochieng ndilo kubwa kuliko yote. Kuta zake ni za mawe matupu. Hakuna saruji, hakuna udongo wa kushikanisha, hakuna chokaa. Mahali pengine ukuta ni mita 1.5 kwenda juu, mahali pengine unafika mita 4.5, na unene wake ni kama mita moja. Wataalamu wanasema ulijengwa karibu karne ya 16. Hesabu mwenyewe: mvua ngapi za Machi hizo, radi ngapi, ng'ombe wangapi wamejikuna pale.

Sasa swali la kwanza la fundi ni hili: mawe bila saruji yanasimamaje?

Wanaojua kazi hiyo wanaeleza hivi. Ukuta si mmoja, ni tatu ndani ya moja. Kuna uso wa nje, kuna uso wa ndani, na katikati pamejazwa mawe madogo yanayoshikanisha hizo nyuso mbili. Jiwe haliwekwi juu ya jiwe moja, linawekwa juu ya mawili, ili liyafunge. Lile kubwa linabeba, lile dogo linakaza. Ukiondoa vijiwe vile vya katikati ukasema ni takataka, nyuso zote mbili zitafunguka kama mdomo na ukuta utalala chini. (Wale ndugu wanaosema kanisani hawana kazi kwa sababu hawashiki maikrofoni, hapo pana neno lenu. Lakini leo siyo somo hilo.)

Na milango yake! Ni mifupi na myembamba. Mtu anaingia ameinama, tena mmoja mmoja. Adui akija usiku hawezi kuingia na mkuki ameuinua. Juu ya mlango kuna mawe marefu yaliyolazwa kubeba uzito wa ukuta. Ndani kulikuwa na nyumba za watu na mazizi ya mifugo, maana hapo ndipo mali ilipolala. Nyumba zenyewe zilikuwa za udongo na nyasi, kwa hiyo zimekwenda zote. Utaona tu mahali ambapo ardhi imebonyea kidogo, ndipo mtu alipokuwa akilala na watoto wake. Kilichobaki ni ukuta.

Jambo ambalo linanigusa zaidi ni hili: waliojenga mwanzo siyo wote waliokaa. Watafiti wanaeleza kwamba jamii mbalimbali, za lugha tofauti, zilipita katika maboma yale. Walianza wengine, wakaondoka, na baadaye babu zetu Wajaluo wakafika wakakuta kuta. Wangeweza kusema hizi si zetu, tuzibomoe, tutoe mawe tujengee kwingine. Hawakufanya hivyo. Waliingia, wakatengeneza palipoporomoka, wakaongeza, wakaishi. Watu waliofuata nao wakafanya vivyo hivyo. Kwa hiyo ukuta ule unaouona leo ni kazi ya mikono ya watu ambao hawakujuana, hata salamu hawangeweza kusalimiana. Kila kizazi kilitengeneza kilichojengwa na kingine.

Halafu ikafika karne ya 20. Vita vya koo vikapungua chini ya serikali ya kikoloni, watu hawakuhitaji tena kujifungia. Wakatoka wakaenda kukaa kwenye mashamba yao, kila mtu na dala yake, na ua wa ojuok badala ya mawe. Thimlich ikabaki bila mtu. Na nyumba isiyo na mtu, wapendwa, haifi kwa vita. Inakufa kwa vitu vidogo. Mbegu ya mti inaangukia kati ya mawe mawili, inaota, mzizi unanenepa, unasukuma jiwe moja nje. Mbuzi anapanda kula majani, anaangusha lingine. Mtu anajenga msingi wa nyumba yake, anaona mawe mazuri yamekaa bure, anachukua kumi. Ukanda ule wa ziwa ulikuwa na maboma ya aina hii zaidi ya 500. Mengi leo ni rundo tu, na mengine hata rundo halipo.

Mwaka 2000 shirika la World Monuments Fund la Marekani liliweka Thimlich kwenye orodha yake ya mahali pa kale palipo hatarini. Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya ndiyo inayopatunza, na kuta zilizokuwa zimeanguka zimeinuliwa tena. Mwaka 2018, katika kikao kilichofanyika Manama, Bahrain, UNESCO ikapaingiza katika Urithi wa Dunia, mahali pa 7 katika Kenya nzima. Pamekaa kwenye orodha moja na mji wa Lamu na Fort Jesus ya Mombasa. Lamu nayo ina nyumba za mawe ya matumbawe za miaka ya 1700, na mojawapo imetengenezwa upya ikawa nyumba ya makumbusho, na boriti zake za mikoko juu na vidaka vyake ukutani. Lakini pale wana chokaa. Hapa kwetu ni jiwe na jiwe.

Nataka tukae kidogo kwenye hiyo kazi ya kuinua upya, maana ndiyo moyo wa somo. Ukuta wa mawe makavu ukianguka, fundi haanzi kwa kujenga. Anaanza kwa kuondoa. Rundo lote linavutwa nyuma, mawe yanatandazwa chini na kupangwa: makubwa huku, ya wastani huku, madogo huku. Kisha anatafuta kilichoangusha. Ikiwa ni mzizi, mzizi unatolewa, la sivyo baada ya miaka michache utarudi palepale. Halafu anafika kwenye msingi anaangalia kama umekaa. Akishajua hayo ndipo anaanza kurudisha, kwa mawe yaleyale. Wala hamwagi saruji eti ndiyo iwe imara! Ukuta wa namna hii unapumua, maji ya mvua yanapita katikati yakatoka. Ukiuziba kwa saruji maji yanakaa ndani, yanasukuma, na siku moja unapasuka wote kwa pamoja. Kazi ya kutengeneza cha zamani ni ya unyenyekevu kuliko ya kujenga kipya. Unatii mkono wa mtu mwingine.

Na si sisi tu. Mnakumbuka Barnaba, yule aliyeuza shamba lake akaweka fedha miguuni pa mitume (Matendo 4:36-37)? Alikuwa mtu wa Kipro, kisiwa cha bahari ya Mediterania. Huko vijijini wana nyumba za kale za mawe na matofali ya udongo, na kuta za mawe makavu zinazoshikilia mashamba mlimani. Vijana walikwenda mjini na ng'ambo, paa zikaanguka. Sasa wengine wanarudi, wanazitengeneza upya, wanaishi ndani. Mwaka huohuo wa 2018 UNESCO iliandika ufundi wa kujenga kwa mawe makavu kuwa urithi wa watu wa Kipro, Ugiriki, Italia, Kroatia na nchi nyingine kadhaa za Ulaya. Kwa hiyo fundi wa kijijini kwa Barnaba na fundi wa Thimlich wangekutana leo wangeelewana kwa mikono hata kama hawana lugha moja.

Najua kuna ndugu hapa ambaye roho yake inasumbuka. Anauliza, kwani kanisa linatafuta nini kwenye maboma ya wafu? Si tuliokolewa tukayaacha hayo? Swali ni zuri, na nitalijibu bila kuzunguka. Kuabudu wafu tumekataa na tutaendelea kukataa. Lakini jiwe ni jiwe. Kuheshimu kazi ya mikono ya mzee si kumwabudu. Nehemia mwenyewe aliposikia habari za Yerusalemu alilia, akamwambia mfalme kwamba mji lilipo kaburi la baba zake umeharibika (Nehemia 2:3). Hakuona aibu kusema hivyo, wala Mungu hakumkemea.

Wale ambao hawana nauli ya kufika Migori waende Makumbusho ya Kisumu, hapo mjini. Ndani ya ua kuna maonyesho yanaitwa Ber-gi-dala. Ni dala nzima ya Mjaluo imejengwa kwa ukubwa wake halisi: nyumba za wake watatu, maghala, zizi la ng'ombe, na upande wa kijana mkubwa wa kiume. Wapelekeeni watoto wa Sunday school waone. Mtoto wa leo amezaliwa kwenye mabati, hajui kwa nini nyumba ya mikayi inatazama lango. Lakini ninyi wakubwa mkifika pale angalieni kitu kingine. Nyumba ya udongo na nyasi haiwezi kusimama kwenye makumbusho kama kiti kinavyosimama. Lazima ikandikwe tena na tena. Lazima paa liezekwe upya. Kila mara lazima mtu apande na nyasi mkononi. Ukiiacha misimu michache tu, unabaki na ile ardhi iliyobonyea kama ya Thimlich.

Mhubiri 10:18 linasema jambo hilohilo kwa ufupi: uvivu unafanya paa lizame, na mikono iliyolegea inafanya nyumba ivuje. Angalieni, Sulemani hakusema adui. Hakusema mchawi. Amesema mikono.

Basi turudi Nehemia 3, sasa tuko tayari. Soma pole pole utaona mambo matatu au manne ambayo ukiruka hutayaona. Wengine walitengeneza mbele ya nyumba zao wenyewe (mstari wa 10, 23, 28-30). Nehemia alikuwa na akili, kila mtu alipewa pale ambapo ukivuja, unamvujia yeye. Shalumu alitengeneza pamoja na binti zake (mstari wa 12), kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kazi ya ukuta ni ya wanaume peke yao. Wafua dhahabu na wauza manukato walikuwepo (mstari wa 8), watu wenye mikono laini kabisa, na waliokota mawe. Na mstari wa 5 una aibu iliyodumu: wakubwa wa Tekoa hawakuinamisha shingo kufanya kazi. Biblia haikusahau. Watu wa kawaida wa Tekoa ndio walifanya, tena katika mstari wa 27 wakatengeneza kipande cha pili. Siku 52 ukuta ukaisha (Nehemia 6:15).

Sasa linganisha na 2 Wafalme 12. Mfalme Yoashi aliagiza nyumba ya Bwana itengenezwe palipobomoka. Fedha zikawa zinaingia. Makuhani wakawa wanapokea. Ikafika mwaka wa 23 wa mfalme, hakuna ufa hata mmoja uliozibwa! Miaka yote hiyo fedha ilikuwa inakwenda wapi? Hapo ndipo Yehoyada akachukua sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka kando ya madhabahu. Fedha zikahesabiwa na watu wawili, zikapelekwa moja kwa moja kwa maseremala, waashi na wakata mawe. Ni habari ya kale lakini mtu yeyote ambaye amewahi kukaa kwenye kamati ya harambee anaielewa bila kuhubiriwa. Nyumba hazikosi kutengenezwa kwa sababu fedha hakuna tu. Mara nyingi fedha ilikuwepo, ikakaa mikononi mwa watu ambao paa lao halivuji.

Na sasa nifike pale nilipokuwa naelekea tangu mwanzo. Wengine hamtapenda, lakini vumilieni.

Tembeeni kuanzia hapa barabarani mpaka ziwani, au pandeni upande wa Riat. Katika vijiji hivi vyetu kuna nyumba za wamama wajane. Mume alikufa miaka mitano iliyopita, au kumi. Siku ile alipozikwa, ile fimbo ya juu ya paa, osuri, iliondolewa kwa sababu mwenye nyumba hayupo. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyepanda juu ya nyumba ile. Nyasi zimeoza, au mabati yametoboka. Ukuta wa upande wa mvua umeliwa chini mpaka fito zinaonekana. Mama anahamisha kitanda kila mvua ikinyesha. Watoto wake wapo Nairobi, mmoja yupo ng'ambo, na wanatuma pesa za chakula. Kwa nini hawatengenezi nyumba? Mnajua jibu. Wanaambiwa mama hajafanyiwa tero. Nyumba ya mjane ambaye hajarithiwa haiguswi, haijengwi upya, ukiigusa chira itaingia, mtoto atakonda, atakufa. Kwa hiyo mama ana njia mbili. Akubali mwanamume ambaye hamtaki, pengine wa kukodiwa kabisa kwa pesa na kuku, ndipo mtu apande juu ya paa. Au akae anyeshewe.

Wapendwa, tunakusanyika kila Jumapili tunaimba kwamba damu imevunja kila laana, halafu Jumatatu tunaogopa kupigilia bati msumari.

Sisemi desturi zote za wazee ni mbaya. Nimetumia nusu ya somo hili kuwasifu. Kwa kweli hapo zamani kumtunza mjane wa ndugu yako lilikuwa jambo la ulinzi: mama asikose mtu wa kumlimia, nyumba isianguke, watoto wasitawanyike. Huo ulikuwa ukuta. Lakini ukuta ule umeingiwa na mzizi. Kilichokusudiwa kumfunika mama sasa ndicho kinachomzuia kufunikwa. Fundi mwenye akili afanyeje? Hachomi rundo lote, wala hamwagi saruji juu ya mzizi. Anatoa mzizi, anarudisha mawe. Mjane atunzwe, ndiyo, na ndugu za mumewe wawe wa kwanza kushika nyundo. Lakini mwili wake usiwe malipo ya fundi.

Hata sheria ya nchi imesema. Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015 imetaja kumrithi mjane kwa lazima kuwa ni ukatili. Mama akilazimishwa, ana mahali pa kwenda, na chifu anajua hivyo. Bwana Yesu naye alisema maneno makali juu ya viongozi wa dini wanaomeza nyumba za wajane huku wakiomba sala ndefu (Marko 12:40). Mimi nikiusoma mstari huo hujiuliza: nyumba ya mjane inamezwa kwa njia ngapi? Kuna kuichukua kwa nguvu, shemeji anahamisha mpaka wa shamba usiku. Na kuna kuiacha tu, ikavuja, ikaoza, ikaanguka, halafu watu wakasema, si unaona, hapa hapakuwa na mtu. Wajaluo tuna neno la mahali kama hapo: gunda. Boma lililokufa. Mama bado yupo hai ndani, na tayari tunalitazama boma lake kama gunda.

Kuna mtu ataniuliza, kama kweli chira haipo, mbona fulani alitengeneza nyumba ya mama yake na mtoto akaugua? Mtoto anaweza kuugua. Nyumba yenye nafasi wazi kati ya ukuta na paa inaingiza mbu usiku kucha, na sisi wa Kisian, ambao tuna kituo cha utafiti cha KEMRI mlangoni, hatuna udhuru wa kutojua mbu anabeba nini. Nyumba yenye sakafu ya maji inaleta kifua. Mara nyingi kinachomuua mtoto ni nyumba ambayo haikutengenezwa.

Kwa hiyo Yakobo 1:27 tuisome kama mafundi. Kuwatazama wajane katika dhiki yao si kuwapelekea unga na sukari Desemba tu na kupigwa picha. Ni kutazama juu. Ingia ndani ya nyumba mchana, funga mlango, inua macho: palipo na nyota za mwanga ndipo maji yanapoingia. Kisha zunguka nje uangalie chini ya ukuta, maana nyumba ya udongo huanza kufa miguuni. Kama mfereji wa maji unapita karibu na ukuta, hamisha mfereji kwanza kabla hujakandika. Angalia nguzo za pembeni kama mchwa wameshafika. Nguzo iliyooza ikibadilishwa leo ni kazi ya asubuhi moja. Ikiachwa, ni nyumba nzima. Walawi 14:40-42 inaagiza jambo hilohilo kwa nyumba yenye pigo: jiwe lililoharibika litolewe, lingine liwekwe mahali pake, ukuta ukandikwe upya. Haianzi kwa kubomoa. Kubomoa ni mwisho, baada ya kuhani kurudi na kuangalia tena (mstari wa 43-45).

Vijana, mnaojua kupanda juu ya paa, hii ni huduma yenu. Wamama wa kanisa, kukandika mnajua kuliko sisi. Wanaume wenye mifugo, samadi ya kuchanganya na udongo haihitaji harambee. Wenye kazi za ofisini mtaleta misumari na bati mbili tatu, na msione aibu kushika koleo, wafua dhahabu walishika. Fedha zikikusanywa zihesabiwe na watu wawili, kama kwa Yehoyada, na ziende kwa fundi, zisipitie mfukoni mwa mtu. Na kazi ianze kabla mvua ndefu za Machi hazijafika. Kabla ya kupanda juu, wazee wa kanisa waende wakae na ndugu za marehemu, waongee kwa heshima, wawaalike waje kusaidia. Wakikataa, mama mwenyewe ndiye aulizwe, kwa sababu ndiye anayelala pale. Akisema ndiyo, pandeni.

Kwa vikundi vya nyumbani siku ya Jumatano: someni pamoja 2 Wafalme 8:1-6, habari za yule mama Mshunami aliyekaa ugenini miaka saba, akarudi akamlilia mfalme kwa ajili ya nyumba yake na shamba lake. Nani alimsemea? Mfalme alimpa nini zaidi ya nyumba? Kisha kila kikundi kiandike, bila kutangaza majina kanisani, ni nyumba ngapi za wajane zilizo ndani ya mwendo wa dakika kumi kutoka pale mnapokutania, na ni ngapi kati ya hizo ambazo hakuna mtu aliyepanda juu ya paa tangu mazishi. Karatasi apewe mzee wa kanisa wa eneo lenu kabla ya ibada ya Jumapili.